Rudisheni Kipindi cha PE

"Fanya mazoezi" ni ushauri mzuri. Wacha tuanze hapo, kwa sababu najua wengi wenu mmefungua hii makala mkitarajia niutukane. Kila msichana aliyewahi kujikunja kwa dawati akishika tumbo ameambiwa hayo maneno, na mara nyingi aliyemwambia ni mtu ambaye hana mfuko wa uzazi, ama ni mwanamke ambaye wake haujawahi kumsumbua na anadhani hiyo ni tabia njema. Tumeyasikia kwa mwalimu wa zamu, kwa nesi, kwa shangazi, na siku hizi kwa yule dada wa TikTok mwenye legingi za bei ya kodi yangu ya nyumba. Kwa hivyo tumeyachukia. Lakini ni ya kweli, na huo ukweli wake ndio unanikasirisha.

Mwaka wa 2019, Cochrane, wale watu ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za tiba na kuzipima moja moja, walichapisha mapitio kuhusu mazoezi na maumivu ya hedhi. Walipata majaribio 12 yenye wanawake 854, wengi wao vijana. Jibu lao: ukifanya mazoezi kwa dakika 45 hadi 60, mara tatu kwa wiki au zaidi, maumivu yanaweza kushuka kwa karibu pointi 25 kwenye kipimo cha 100. Haijalishi sana ni mazoezi gani. Kuna waliofanya yoga na kunyoosha viungo, kuna waliodensi hadi jasho likatoka. Watafiti wenyewe wanasema ushahidi huo si wa kiwango cha juu, na mimi sitawapigia debe kuliko wanavyojipigia. Lakini 25 kwa 100 si mchezo. Msichana aliye kwa 80 hawezi kusoma ubao. Akishuka hadi 55 anaweza kushika kalamu, hata kama amekunja uso.

Sasa soma tena hiyo sentensi ya katikati. Mara tatu kwa wiki, karibu saa nzima, wiki baada ya wiki. Si siku ile damu imekuja. Si "zunguka uwanja hapo mara mbili itaisha." Ni dozi kama dozi nyingine yoyote, na inamezwa mwezi mzima ili isaidie siku mbili.

Biolojia yenyewe tulifundishwa nusu. Tulichora ovari na mirija ya falopio, tukaweka majina, tukapata alama zetu. Hakuna aliyetuambia kwa nini inauma. Ni hivi: damu inapokaribia kuanza, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hutoa kemikali zinazoitwa prostaglandini. Hizo ndizo huuambia msuli wa mfuko ujikaze, usukume ule ukuta nje. Zikizidi, msuli unajikaza kupita kiasi, unabana mishipa yake wenyewe ya damu, unakosa oksijeni, na msuli uliokosa oksijeni unalia. Ndio maana wengine wanatapika, wengine wanaendesha, wengine kichwa kinagonga: hizo kemikali hazikai mahali pamoja. Mwili uliozoea kusonga, wataalamu wanadhani, damu yake inapita vizuri zaidi eneo la nyonga, na unatoa endofini, dawa ya maumivu ambayo huwezi kuuziwa kwa kemisti yeyote pale River Road.

Haya. Kama hiyo ndiyo dozi, nani anaigawa?

Nilisoma shule ya bweni ya wasichana. Sitaitaja, na hata sina haja, kwa sababu nikiielezea utadhani ni yako. Ratiba ilibandikwa nyuma ya mlango wa darasa. PE ilikuwa Jumatano, baada ya uji wa saa nne, dakika 40. Kwa miaka minne, siku tulizotoka nje naweza kuzihesabu kwa mkono mmoja. Mwalimu wa kemia alikimiliki kile kipindi kama shamba la babake. Tulipofika kidato cha nne hawakujisumbua hata kujifanya: ratiba iliandika "PE" na sisi sote tulijua inasomwa "kemia". Kengele ya kwanza ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, prepu ya mwisho ilimalizika saa nne usiku, na kati ya hapo ulikuwa unakaa. Unakaa darasani, unakaa maabara, unakaa kanisani. Unatembea tu kwenda kula, na huko pia unakaa.

Nikisema shule haikutupa mazoezi nitakuwa nadanganya kidogo. Ilitupa, kama adhabu. Ukichelewa asembli, ruka chura. Ukinong'ona wakati wa prepu, raundi tano za uwanja. Ukishikwa ukiongea Sheng, tembea kwa magoti kwenye changarawe. Hii kitu haizungumzwi vya kutosha. Msichana anafika miaka kumi na saba akijua jambo moja tu kuhusu kukimbia, kwamba ni kitu unafanyishwa ukikosea, mbele ya wenzako wakicheka. Halafu mnashangaa akimaliza shule hataki kuona raba za michezo. Mlimfundisha vizuri sana, na yeye alikuwa mwanafunzi mwerevu.

Kidato cha pili, siku ya pili ya hedhi yangu, nilienda kwa naibu wa mwalimu mkuu kuomba ruhusa nikalale kwa matroni saa moja hivi. Aliniangalia juu chini. "Wewe kimbia kimbia hapo nje, itaisha. Sisi tulikuwa tunalima na hiyo tumbo." Nikasema asante madam, kwa sababu hivyo ndivyo tulilelewa. Nikakimbia nusu raundi, nikatapikia kwenye ua la michongoma. Na cha kuudhi ni kwamba hakuwa amesema uongo. Alikuwa amechukua dawa ya miezi mitatu akataka niimeze yote kwa dakika tano, ndani ya shule ambayo ilikuwa imeninyima hiyo miezi mitatu, Jumatano baada ya Jumatano.

Ndio maana siamini mtu mzima yeyote anayemwambia msichana wa shule afanye mazoezi bila kumwambia lini na wapi.

Wapi, kwanza. Januari 2015 polisi walirusha vitoa machozi kwa watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road kwa sababu walisukuma ukuta uliojengwa kuwafungia uwanja wao wa kucheza. Huo uwanja ulirudi kwa sababu picha zilizunguka dunia. Mwingine ukichukuliwa bila kamera, ni nani anajua? Nenda Mukuru ama Mathare uone shule ambayo ni vyumba vya mabati, na "uwanja" ni ule ujia kati ya darasa na choo. Hapo hata mwalimu mwenye roho safi atakuambia PE waifanyie hewani?

Na shule zilizo na nafasi je? Mdogo wangu yuko gredi ya nane, shule ya kutwa yenye uwanja mkubwa, nyasi mpaka magotini. Mtaala mpya umekunja michezo na sanaa pamoja ukaifanya somo moja. Nilimuuliza wanafanya nini kwa hilo somo. "Tunachora uwanja wa voliboli kwa kitabu, alafu tunaandika vipimo." Anajua ni mita 18 kwa 9. Anajua urefu wa wavu. Mpira wenyewe hajawahi kuugusa, umefungiwa ofisini usipotee.

Aki, hii ni nchi ya Faith Kipyegon. Dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo kwenye mita 1,500, Rio, Tokyo, Paris. Beatrice Chebet alichukua mita 5,000 na mita 10,000 hapo hapo Paris 2024. Tunajaza baa tukiwatazama, tunalia, tunapeperusha bendera, na asubuhi yake mwalimu mkuu anampa mtu wa hesabu kipindi cha PE.

Halafu kuna nguo. Nani alikaa akaamua msichana atembee miaka minne na sketi nzito ya kufika chini ya magoti, halafu siku ya michezo apewe kaptula ambayo kila mtu ataona ikichafuka? Februari 2023 seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na suti nyeupe yenye doa jekundu, akaambiwa atoke. Seneta! Mtu mzima, na mlinzi, na gari. Kama yeye alitolewa nje kwa sababu ya doa, binti wa miaka kumi na minne atasimama kwenye mstari wa kukimbia na ujasiri wa nani? Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka wa 2017 ikasema serikali impe kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma pedi za bure, za kutosha na za ubora. Tangu hapo huo mpango umezungushwa kama sahani ya sadaka, na bado kuna anayetumia kipande cha godoro. Huwezi kuruka kamba na kipande cha godoro. Jaribu kutembea nacho tu hadi stejini, halafu uniambie.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kusonga mwili kila siku. Kwa takwimu zake za 2016, wasichana 85 kati ya kila 100 wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikishi kiasi hicho. Wavulana ni 78, kwa hivyo wao pia hawako poa. Ila toka nje mtaani kwenu Jumamosi saa kumi jioni uangalie nani yuko uwanjani. Wasichana wako wapi? Wanafua. Wanamshikilia mtoto wa jirani. Wanapika, kwa sababu kaka yao atarudi kutoka uwanjani akiwa na njaa. Na yule mmoja anayethubutu kukimbia kando ya barabara anapigiwa miluzi na kila boda kutoka stejini hadi kwa mlango wao.

Sasa nyinyi wa upande wangu. Najua kuna wenzangu ambao ukitaja mazoezi na hedhi kwa sentensi moja wanawaka. Wanasema ni njia ya kumlaumu msichana, ya kumwambia maumivu yake ni uvivu. Nimekaa kwenye hivyo vikundi vya WhatsApp, nimesoma hizo nyuzi, na hasira yao naijua kwa majina. Lakini mkikataa ushauri kwa sababu ya mdomo uliousema, mnawaachia kila kitu. Mwalimu wa kemia anafurahi mkisema mazoezi ni upuuzi. Kipindi kinabaki chake. Mimi nataka tuufanye huo ushauri deni. Umesema mazoezi yanasaidia? Sawa. Leta uwanja, leta saa moja mara tatu kwa wiki, leta pedi na maji ya kunawa baadaye, leta mwalimu ambaye hatageuza hayo mazoezi kuwa kiboko. Usipoleta, nyamaza.

Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilikataa. (Mama bado anaambia watu niko likizo ndefu.) Kitu kimoja nilichopata pale bila kulipia ni kikundi cha wasichana waliokuwa wanadensi kwenye ukumbi wa bweni letu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, spika moja ndogo iliyokuwa inakatika katikati ya wimbo. Sikuenda kwa sababu ya tumbo. Nilienda kwa sababu nilikuwa mpweke na chumba changu kilikuwa na baridi. Mwezi wa tatu, siku yangu ya pili ilinipata darasani, na darasa likaisha nikiwa bado nimekaa pale. Nilikuwa nimemeza tembe, ndio. Iliuma, ndio. Lakini sikutapika, na nilikuwa nimeandika noti kurasa mbili. Mtu mmoja si utafiti, hilo silisahau. Nasema tu kwamba tangu nivunje ungo nilikuwa nimeamini mwili wangu umeharibika, na kumbe ulikuwa unahitaji pia kitu ambacho kilikuwa kimeandikwa nyuma ya mlango wa darasa langu wakati wote huo. Siku hizi naandikia watu maelezo ya nyumba zao za kupangisha, laptopu juu ya mapaja, na nikipitisha wiki kadhaa bila kudensi, tumbo linaniletea risiti.

Na kabla mtu achukue haya maneno aende kumpiga nayo bintiye, kuna mambo ambayo mazoezi hayafanyi. Hayachukui nafasi ya dawa. Ibuprofeni hupunguza utengenezaji wa zile prostaglandini, na husaidia zaidi ukiimeza mapema, maumivu yanapoanza tu, ukiwa umekula. Mwenye vidonda vya tumbo ama pumu amuulize daktari kwanza. Kumnyima mtoto tembe eti atazoea ni ukatili, hata ukifanywa na nyanya anayempenda.

Na kuna maumivu ambayo si ya kawaida. Njambi Koikai, yule MC wa reggae tuliyemjua kama Fyah Mummah, aliishi na endometriosisi iliyofika hadi kwenye mapafu. Aliwaambia Wakenya hadharani, tena na tena, jinsi ilivyochukua miaka mingi kabla ugonjwa wake upewe jina. Alifariki Juni 2024. Endometriosisi hupata karibu mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Hesabu darasa la wasichana 50. Kama maumivu yanazidi kila mwaka, kama yanakuja hata nje ya siku zake, kama anazirai, kama pedi inajaa kwa saa moja, kama tembe hazigusi, kama anakosa shule kila mwezi, huyo hahitaji kukimbia wala kudensi. Anahitaji daktari wa wanawake, na mtu mzima wa kuketi naye kwenye foleni na kukataa kurudishwa nyumbani na Panadol. Naibu wangu hakuwa na njia ya kujua mimi nilikuwa upande gani. Hakuuliza swali hata moja.

Kuna walimu watasema wasichana wanajifanya. Wapo. Wapo pia wavulana wenye malaria ya kila Jumatatu asubuhi, na hakuna aliyefuta kliniki kwa ajili yao. Na kusema ukweli, mtoto akidanganya anaumwa ili apate tu kulala saa moja kwenye shule inayomwamsha saa kumi na nusu, shida mimi siioni kwa huyo mtoto.

Muhula ujao mtaitwa mkutano wa wazazi. Kama wewe ni mzazi nenda. Kama ni dada mkubwa, kama mimi, nenda pia, mama atashukuru kupumzika. Watawaeleza kuhusu basi jipya na wastani wa alama. Wakisema "maswali?" simama. Omba kuonyeshwa ratiba ya darasa la msichana wako, ile yenyewe iliyobandikwa, wala si ile ya faili. Weka kidole kwenye PE. Uliza, wiki iliyopita, saa hiyo, alikuwa amesimama wapi na amevaa nini. Uliza mpira uko wapi na funguo za ofisi anazo nani. Mwalimu wa kemia akianza kujibu kwa niaba ya wenzake, mwambie akae, umeuliza wa michezo. Kama hakuna wa michezo, hilo ni swali la pili, na usiketi hadi lijibiwe.